Alimwona Amelala: Uhakiki wa Steins;Gate na Kazi ya Mtafsiri wa Sinema katika Pwani ya Mtwara

Mfululizo wa sinema za michoro uitwao Steins;Gate ulionyeshwa kwanza katika televisheni ya Japani tangu Aprili hadi Septemba mwaka 2011, kwa sehemu 24. Ulitengenezwa na studio ya White Fox chini ya uongozi wa Hiroshi Hamasaki na Takuya Sato, kutokana na mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2009. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, na papo hapo ni hadithi ya hofu na mashaka. Wengi wameusifu kwa werevu wa mpango wake, na uhakiki huu hauna nia ya kurundika sifa juu ya sifa. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba fundo la hadithi hii ni fundo la sarufi. Kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulifunga na kulifungua fundo hilo ambazo Kiingereza, lugha ambayo kwayo hadithi imewafikia wengi katika Afrika ya Mashariki, hakinazo kwa wepesi huo. Na kwamba mtafsiri asiyelitambua jambo hili aweza kuiua hadithi nzima katika sehemu ya kwanza kwa neno moja tu.

Kwanza yafaa hadithi yenyewe isimuliwe kwa ufupi. Okabe Rintaro ni mwanafunzi wa miaka 18 katika mtaa wa Akihabara, mjini Tokyo. Amepanga chumba juu ya duka la televisheni za zamani, naye hukiita maabara. Tarehe 28 Julai 2010 amwona msichana aitwaye Makise Kurisu amelala katika dimbwi la damu. Kwa fadhaa anampelekea rafiki yake habari hiyo kwa simu, na ghafula dunia yabadilika: Kurisu yu hai, na hapana mtu akumbukaye mauaji yoyote ila Okabe peke yake. Sababu ni kwamba chombo alichokiunda pamoja na wenzake kwa kuunganisha simu na jiko la maikrowevu chaweza kurudisha ujumbe mfupi katika siku zilizopita. Vijana wanaanza kukijaribu. Mmoja amzuia baba yake asifike mahali pa mauti, mwingine ataka kugeuza maumbile yake, na kila ujumbe waigeuza dunia kidogo. Katika sehemu ya 12 gharama yajulikana: Mayuri, rafiki wa Okabe tangu utoto, anauawa, na kila Okabe arudipo nyuma kumwokoa, afa tena kwa njia nyingine. Basi Okabe hana budi kuzifuta jumbe zote, moja baada ya moja, na kila afutapo amnyang'anya mtu kitu alichokuwa amekipata. Mwisho wa safari hiyo ni kuufuta ule ujumbe wa kwanza, yaani kuirudia dunia ambayo Kurisu ameuawa.

Hadithi hii ilitolewa pia katika diski za kutazamwa nyumbani. Diski ya mwisho ya Kijapani, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na sehemu ya 25 ambayo haikuwamo katika maonyesho ya televisheni, na mwaka huo huo kampuni ya Funimation ilianza kuzitoa Marekani zikiwa na sauti ya Kijapani na ya Kiingereza. Kwa sinema nyingine diski ni ghala tu la kuhifadhia. Kwa hii ni zaidi ya hayo, maana hadithi imejengwa ili mtazamaji akifika mwisho arudi kwenye sehemu ya kwanza, aone kwamba alichokiona sicho alichodhani ameona. Katika televisheni hakuwa na njia ila kukumbuka. Mwenye diski airudia picha ile ile na kuikagua. Hata watengenezaji walilitumia tabia hilo: mwaka 2015, mfululizo ulipoonyeshwa upya, sehemu ya 23 ilibadilishwa mwisho wake, na kutokana na mwisho huo mpya ukazaliwa mfululizo wa pili, Steins;Gate 0, ulioonyeshwa mwaka 2018. Hadithi ihusuyo kurudi nyuma na kubadilisha neno moja ilirudiwa yenyewe na kubadilishwa.

Katika diski hizo Kiswahili hakimo. Lakini ukosefu huo haujapata kuwazuia Watanzania kutazama sinema za kigeni kwa lugha yao. Kwa muda wa miaka mingi wamekuwako watafsiri wa sinema, ambao watu huwaita madijei, watiao sauti yao juu ya sauti ya asili. Ajulikanaye zaidi ni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, kwa jina la kazi Lufufu. Mjerumani Matthias Krings, mtaalamu wa mila na desturi za watu, aliwachunguza mafundi hawa na kuandika habari zao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2015. Kazi yao si sawa na ile ya kutia sauti za waigizaji wengi, kama ilivyofanywa kwa mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake, uliorushwa na televisheni ya TBC mwaka 2011. Dijei ni mmoja, naye husema kwa ajili ya wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata risasi. Hueleza lisiloelezwa, huonya, hucheka, hutaja mahali ambapo watazamaji wanapajua. Kwa hiyo yeye yu karibu na msimuliaji wa ngano kuliko mkalimani wa mahakamani.

Katika mabanda ya video ya Mtwara na Mikindani, na vijijini kuelekea mlango wa mto Ruvuma, kazi hiyo ina uzito wa namna yake. Wasikilizaji wa huko wana Kimakonde, Kimakua na Kiyao majumbani mwao. Na ng'ambo ya mto, upande wa Palma, kuna Kimakwe, na mbele zaidi Kimwani. Kiswahili ndicho lugha wanayokutania, na msamiati wa Kiingereza hauwafai wengi wao. Kwa mtu wa namna hii sauti ya dijei si pambo la sinema. Ndiyo sinema yenyewe. Dijei akikosea, hakuna pengine pa kusahihishia.

Na katika Steins;Gate mahali pa kukosea ni pale pale mwanzoni. Okabe aona nini? Amwona Kurisu amelala chini, na damu. Hilo tu. Dijei aliyezoea kuwasaidia watu wake atasema, "Ameuawa huyu!" au, "Binti kachomwa kisu, kafa." Mwanzoni hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa Okabe mwenyewe adhani hivyo, na watazamaji nao hudhani hivyo. Lakini ufumbuzi wote wa hadithi, katika sehemu ya mwisho, wategemea kwamba hakuna aliyeona mauaji. Okabe wa siku za baadaye ajipelekea mwenyewe agizo: asijaribu kuligeuza lililoonekana, bali aligeuze lililotukia. Yule kijana wa tarehe 28 Julai hana budi kumwona msichana amelala katika damu, maana kuona huko ndiko kulikoanzisha mambo yote. Ila msichana asiwe amekufa. Basi Okabe amzimisha Kurisu, amlaza sakafuni, na damu aimwagayo ni yake mwenyewe. Macho ya kwanza hayakudanganyika katika walichokiona. Yalidanganyika katika tafsiri yake.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapotoa msaada. Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba -li- hutaja tendo lililopita, na -me- hutaja tendo lililotimia ambalo hali yake ingaliko. Lakini -me- ikiingia katika vitenzi kama kulala, kusimama, kuketi, kuinama au kulowa, kinachotajwa hasa ni hali ionekanayo kwa macho. Jinsi ilivyotokea haitajwi. "Alimwona amelala, nguo zimelowa damu" ni sentensi ya kweli mwanzoni, na ni ya kweli mwishoni, wala hakuna neno la kufutwa. "Alimwona ameuawa" ni ya kweli mara moja tu. Tofauti haiko katika -me- pekee, bali katika kitenzi kinachochaguliwa kuifuata, na tena katika viambishi vya mwisho. Kitenzi chenye -w- chadai kwamba yuko mtendaji: amechomwa, basi yuko aliyemchoma. Kitenzi chenye -k- hakidai hivyo: amejeruhika, kumemwagika damu. Katika hadithi hii mtendaji ni nani ni siri kubwa, kwa maana Okabe arudipo mara ya kwanza kumwokoa Kurisu, ni mkono wake mwenyewe unaomchoma kwa bahati mbaya. Dijei atiaye -w- katika sehemu ya kwanza amekwisha kumtaja muuaji kabla hajaonekana, na pengine kabla hajakuwako.

Ajabu ni kwamba Kijapani cha asili chenyewe kinajilinda. Katika ujumbe ule wa kwanza Okabe asema kuhusu kuchomwa, lakini atia neno mitai, ambalo maana yake ni kama "yaonekana" au "inaelekea". Neno dogo hilo ni uzi ambao mshonaji ameuacha nje kwa makusudi. Mtafsiri akilidharau kwa sababu ni dogo, ameukata.

Jambo la pili ni ukanushi. Mayuri ana saa yake ya kufa, na Okabe aijua. Kwa Kiingereza yeye bado yu hai, basi. Kwa Kiswahili kuna njia mbili zisizolingana. "Hakufa" yafunga jambo: saa ilipita, akasalimika. "Hajafa" yaliacha wazi, na zaidi ya kuliacha wazi yalingojea. Kiambishi -ja- si cha kukanusha tu. Ndani yake mna matarajio kwamba tendo litakuja. Mtu asemaye "mvua haijanyesha" anatazama mawingu. Kwa hiyo dijei akisema kimya kimya, wakati Mayuri akicheka na kula, "Hajafa," amesema kwa neno moja hofu ambayo mfululizo wautumia muziki na picha za saa kuijenga. Na siku ile itakapopita, kubadili "hajafa" kuwa "hakufa" ndiko ushindi.

Jambo la tatu ni -nge- na -ngali-. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizitenga: -nge- kwa sharti la wakati uliopo, -ngali- kwa sharti la wakati uliopita ambalo haliwezi kutimia tena. Wasemaji wengi hawaishiki kanuni hiyo. Husema -nge- kwa yote, au huchanganya na kusema -ngeli-. Walimu hulalamika, na wengine hujibu kwamba lugha ni ya wasemaji wake na kwamba tofauti isiyo na kazi hufa yenyewe. Hoja hiyo ya pili ina nguvu. Lakini swali lapaswa kuulizwa hivi: je, kazi yenyewe imekwisha? Katika pwani hii ya kusini haikuonekana kwisha. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Reli iliyotoka bandarini kuelekea Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. "Karanga zingalistawi, reli ingalikuwapo": hiyo ni -ngali- kamili, mlango uliofungwa. Ilipofika mwaka 2013, watu wa Mtwara walipopinga gesi ya Ghuba ya Mnazi isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, na machafuko yakatokea, neno lilikuwa bado ni -nge-: gesi ingebaki, viwanda vingejengwa hapa. Bomba likamalizika mwaka 2015. Toka mwaka huo sentensi ile ile, ikisemwa na mtu yule yule, ilitaka -ngali-. Hakuna aliyetangaza siku ambayo kiambishi kilibadilika. Lakini kilibadilika, na aliyekuwa na matumaini alikisikia.

Steins;Gate yote ni safari kati ya viambishi hivyo viwili, ila kwa kinyume. Mashine ya Okabe ni chombo cha kuigeuza -ngali- kuwa -nge-. Binti ambaye amekuwa akisema, "Baba angaliishi," apewa nafasi ya kusema, "Baba angeishi," kisha apata, "Baba yu hai." Na uchungu wa nusu ya pili ni kwamba hana budi kuirudia -ngali- kwa hiari yake, akijua, ili mtu mwingine aishi. Dijei atumiaye -nge- kwa vyote hatafanya kosa la adabu ya lugha tu. Atakuwa amezitupa ngazi ambazo hadithi huzipanda na kuzishuka. Wasikilizaji walioshuhudia mlango ukifungwa mbele yao wangestahili kuusikia.

Kuna mahali pengine ambapo Kijapani na Kiswahili hukutana kwa kupeana migongo. Ujumbe unaorudishwa nyuma hauwezi kuzidi nafasi 36, nao hufika umekatwa vipande vitatu vya nafasi 12. Alama moja ya Kijapani hula nafasi mbili, basi kila kipande kina alama sita. Sasa, katika Kijapani kitenzi huja mwisho wa sentensi, na wakati na ukanushi huja mwisho wa kitenzi. Asiyepata kipande cha tatu ajua nani na nini, lakini hajui kama jambo lilikuwa au halikuwa. Kiswahili ni kinyume chake. Chukua neno moja, "nisingalimwambia", lenye herufi 16. Likikatwa kwenye herufi ya 12 hubaki "nisingalimwa": mtendaji yupo, ukanushi upo, sharti lipo, mtendewa yupo, tendo halipo. Boriti zote zimesimama na nyumba haijulikani ni ya nini. Mashaka ya Mjapani ni "je, ilikuwa?" Mashaka ya Mswahili yatakuwa "je, ilikuwa nini?" Mtafsiri mwema hatalia juu ya hasara hiyo, bali atazipanga jumbe upya, kusudi kipande cha mwisho kiwe na shina la kitenzi, na pumzi za watu zikae humo.

Juu ya istilahi, tafsiri iliyo karibu na Kiingereza ingesema "mstari wa dunia" kwa kila hali ya ulimwengu inayotokana na ujumbe. Neno hilo ni kavu, na tena halielezi utaratibu wa hadithi, ambao ni kwamba hali nyingi zinazotofautiana kidogo huishia kwenye tukio lile lile. Yafaa zaidi kusema mkondo. Mkaaji wa Kilambo au wa Msimbati hahitaji kuelezwa kwamba mto ukikaribia bahari hugawanyika kati ya mikoko na mafungu ya mchanga, kwamba mkondo uliopitika mwaka huu waweza kuzibwa mwakani, na kwamba ukipita huu au ule maji yaishia bahari ile ile. Hivyo ndivyo kifo cha Mayuri kilivyo: kubadili mkondo hakusaidii, budi kuhamia mto mwingine. Kwa istilahi mbili tu, mkondo na mto, nadharia ambayo mfululizo waieleza kwa tarakimu za desimali yaweza kueleweka bandani bila kusimamisha diski.

Pamoja na hayo kazi hii ina kasoro, na mtafsiri hana wajibu wa kuzificha. Sehemu 11 za kwanza zaenda polepole mno. Mtazamaji wa nyumbani aweza kustahimili. Mtazamaji wa bandani, aliyelipa kiingilio, ataondoka. Maadui wa kimataifa ambao Okabe awaogopa wamechorwa kwa haraka, na hofu yao yatokana na jina lao kuliko na matendo yao. Kijana Luka, ambaye ombi lake ni zito kuliko ya wengine, hufanywa mara nyingi kichekesho, na hadithi hukumbuka utu wake ikiwa imechelewa. Kwa upande mwingine majivuno ya Okabe, ajiitaye mwanasayansi mwendawazimu na kujitungia jina la kutisha, hayatakuwa mageni kwa masikio yaliyozoea majigambo. Dijei ayatie mdomoni mwake kwa sauti kubwa; maana siku Okabe atakapoacha kujigamba ndipo watu watakapojua kwamba ameshindwa kweli.

Kutokana na hayo yote lapatikana fundisho la kazi. Dijei wa zamani aliweza kusimulia sinema akiitazama, akifuata picha kwa mdomo, na umahiri wake ulikuwa katika wepesi huo. Steins;Gate haikubali wepesi. Haipasi mtu kufungua kinywa katika sehemu ya kwanza kabla hajaiona ya 24, na akiisha kuiona, sharti arudi. Diski yamruhusu kufanya hivyo, na katika hilo ndipo thamani yake kwa lugha. Tena wajibu hauko kwa madijei peke yao. Vyuo vinavyochunguza Kiswahili vimekusanya tenzi, mashairi na hadithi za wazee kwa bidii kubwa, na ni haki. Lakini sauti za watafsiri wa sinema, ambazo kwazo maelfu ya watu wa pwani ya kusini waliisikia lugha hii ikibeba mambo mapya, zimeandikwa katika kanda ziozazo na diski zinazokwaruzika, na nyingi zimekwisha kutupwa. Humo ndimo mtaalamu angeweza kuchunguza jinsi -nge- na -ngali- zinavyotumiwa na msemaji mwenye haraka, mbele ya watu wanaomsikiliza kwa makini. Zikikusanywa sasa, kazi hiyo ingewezekana. Zikiachwa miaka kumi mingine, patabaki kusema kwamba ingaliwezekana.